Mshono wa Zabibu

Chamazi, Temeke
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mwalimu wangu Dkt. Benedikto,

Shikamoo. Ni mie Thuraya binti Nassor, mwanafunzi wako wa mwaka 2009, yule uliyemwambia anashona utumbo kama anadarizi kofia. Nilipiga simu yako siku ya Krismasi akapokea mama. Akaniambia masikio yako siku hizi hayapatani na simu, na maandishi ya kwenye kioo huyataki, anayekuhitaji akuandikie kwenye karatasi. Basi nimenunua karatasi. Barua hii naipeleka mwenyewe stendi ya Mbezi Luis, ipande basi la Njombe.

Nina mgonjwa. Anaitwa Zabibu, farasi jike wa kijivu, umri wake miaka kumi na minane. Mwenyewe ni Mzee Hashil, muuza vifaa vya ujenzi wa Buguruni, ambaye amemjengea banda huku Chamazi kwenye kiwanja cha familia. Zabibu hubeba mabwana harusi, na Jumapili humbeba Salsabil, mjukuu wa mzee. Anayemtunza ni Somoe, mama mmoja wa Mbagala. Amekaa naye miaka tisa na anamjua kuliko sisi wote.

Ndani ya miezi miwili Zabibu ameshikwa na msokoto wa tumbo mara mbili. Mara zote mbili dawa na dripu vilimtuliza. Ila mara ya pili nilipoingiza mkono kwa nyuma nilikuta utumbo mwembamba umevimba kama tyubu za baiskeli, na saa chache baadaye umenywea. Nadhani kuna kitu ndani kinachobana na kuachia. Naogopa siku ambayo hakitaachia. Hospitali ya kupasua farasi iko nje ya nchi, na utumbo uliobanwa haungoji mpaka mvuke mpaka.

Dkt. Asifiwe, mwenzangu wa zahanati, yuko tayari kushika nusu kaputi. Mie kila Alhamisi naenda machinjioni kununua matumbo ya mbuzi. Nayakata, nayaunga, namimina maji ya buluu kuona kama yanavuja. Ulitufundisha kuunga utumbo kwa tabaka mbili za mshono. Vitabu vya sasa vinasema moja yatosha. Nakuuliza wewe kwa sababu vitabu sivijui sura.

Mwanafunzi wako,
Thuraya


Njombe
20 Januari 2025

Daktari Thuraya,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dagaa, nadhani ilisafiri jirani na kifurushi chao.

Nisikilize. Tabaka mbili. La kwanza lishike ngozi ya ndani, la pili likunje ngozi ya nje iingie ndani na kufunika kila kitu. Na tabaka lenyewe usilishone kwa uzi mmoja unaozunguka mdomo wote, maana ukivuta utafunga kama mdomo wa mfuko. Kata uzi na ufunge fundo sehemu mbili. Hao wenye vitabu vipya wana taa nane na wasaidizi sita. Wewe una banda. Tone moja likivuja katika tumbo la farasi, siku ya tatu unamfukia.

Usiuonee utumbo huruma. Kata mpaka uone mshipa unapiga na ngozi ina rangi ya waridi. Ukimaliza kuunga, ziba na lile pengo kwenye utando unaoushika utumbo, la sivyo utumbo mzima utapita hapo kesho kutwa ujinyonge tena. Hesabu vitambaa vyako. Na farasi akikataa dawa mara mbili, usimpe ya tatu. Mlaze.

Nimeshona farasi na punda kumi na mmoja kwa njia hiyo. Nilipoteza mmoja tu, na yule alikufa kwa nusu kaputi, si kwa mshono.

Uniandikie itakavyokuwa.

Benedikto


Chamazi
9 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Zabibu yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua unavyoruka mistari.

Jumanne asubuhi Somoe alinipigia simu, sauti yake tu ikanitosha. Nilimkuta Zabibu analala na kuinuka, jasho linatiririka, moyo unapiga mara themanini kwa dakika. Mpira niliompitishia puani mpaka tumboni ulitoa lita nane za maji ya kijani. Nilimpa dawa, maumivu yakabaki. Nikampa tena, yakabaki. Neno lako nikalikumbuka.

Mzee Hashil alifika kutoka Buguruni ameacha duka wazi. Nilimwambia ukweli, kwamba nafasi ya kupona ni nusu kwa nusu na sijawahi kufanya hivi kwa farasi aliye hai. Akauliza, "Na usipopasua?" Nikamwambia hafiki magharibi. Akamwangalia Zabibu, akasema, "Basi pasua, mwanangu. Mimi nikikaa hapa nitakutetemesha mikono. Naenda msikitini."

Tulimlaza saa nne juu ya magodoro sita tuliyoyafunika turubai. Nilipofungua nilikikuta kile nilichokuwa nakidhania: uvimbe wa mafuta ukubwa wa ndimu, una kikonyo, na kikonyo kimejizungusha kwenye utumbo kama kamba kwenye mdomo wa gunia. Nilikikata. Utumbo uliobanwa ulikuwa mweusi, hata joto hauna. Nikatoa mita tatu. Nikauunga, nikaziba pengo la utando, nikahesabu vitambaa mara mbili. Asifiwe hakuinua macho yake kutoka kwenye pumzi za yule mnyama kwa muda wa saa mbili kasoro.

Alisimama mara ya pili alipojaribu. Siku iliyofuata mpira wa puani haukutoa kitu. Siku ya tatu akadondosha mavi, na Somoe akawaita majirani waje kuona, wakaja.

Nimeshona tabaka mbili, Mwalimu, kama ulivyonifundisha.

Thuraya


Njombe
17 Februari 2025

Mwanangu Thuraya,

Sijawahi kukuita hivyo, leo nakuita.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti, ingawa anasema nilikuwa napiga kelele. Kwa miaka kumi na moja ya kustaafu nimekaa hapa nikisikia kwamba niliyofundisha yamepitwa na wakati. Dkt. Stanley, kijana aliyekaa kwenye kiti changu chuoni, anaandika upya mafunzo ya upasuaji wa tumbo, na somo la tabaka mbili anataka kulitoa kabisa. Aliniletea rasimu mwaka jana kwa heshima. Nilimjibu vibaya.

Sasa nimemwandikia tena, kwa ushahidi. Nimemweleza habari za Zabibu, umri wake, mita tatu, banda na turubai, na kwamba aliyeshona ni mwanafunzi wangu na ameshona kwa njia yangu. Nimemwomba asilitoe somo lile, na habari hii aiweke kama mfano kwa wanafunzi wa mwaka huu. Ikibidi watakuja kukuona.

Mpe Zabibu majani mabichi, kiganja kimoja kimoja. Usiwe na haraka naye.

Mwalimu wako mwenye furaha,
Benedikto


Chamazi
3 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne naiandika. Tatu nimezichana.

Sikushona tabaka mbili. Nilishona moja.

Nilikuwa na nia ya kufuata maneno yako, sindano ilikuwa tayari mkononi. Ila utumbo wa juu, uliokuwa umejaa maji tangu alfajiri, ulikuwa umetanuka kama mkono wa kanzu. Wa chini ulikuwa mtupu, umenywea upana wa vidole viwili. Nikapima. Ningekunja ngozi ndani kwa tabaka la pili, tundu lingebaki dogo kiasi ambacho kidole changu kisingepita. Na Asifiwe alikuwa ameshaniambia nina nusu saa. Basi ule ulionywea nikaukata kwa mshazari ili mdomo wake upanuke ulingane na mwenzake, nikaziunganisha kingo kwa tabaka moja, kila mshono na fundo lake. Mishono thelathini na miwili. Nikakamua maji yapite hapo, yakapita, hayakuvuja.

Sasa utaniuliza kwa nini nilikudanganya. Niliandika nikiwa na furaha, nikaona mstari mmoja haumuumizi mtu na wewe utafurahi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa. Hapa mjini mie ndiye daktari, watu wote wananiuliza mie. Wewe ndiye mtu pekee niliyebaki naye wa kumuuliza. Nilidhani nikikuambia nimekuacha njiani, hutanijibu tena.

Ila sikujua kwamba utawaandikia watu wa chuo. Wanafunzi wakifundishwa kwa uongo wangu, kuna siku farasi atakufa mikononi mwa mmoja wao. Nimefunga Ramadhani siku mbili hizi huku najua hilo, na saumu haikai vizuri kwa mtu wa namna hiyo. Tafadhali mwandikie Dkt. Stanley, au niruhusu nimwandikie mie.

Zabibu anakula. Kidonda kimekauka. Somoe anamtembeza asubuhi na jioni.

Nisamehe,
Thuraya


Chamazi
6 Aprili 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Idi imepita na sijapata jibu. Nimeuliza ofisi ya vifurushi Mbezi Luis, wakanionesha saini yako kwenye daftari la kupokelea, kwa hiyo najua barua unayo. Sikulazimishi. Nataka tu kujua kwamba u mzima.

Zabibu ametimiza miezi miwili tangu nimshone. Salsabil alimpanda dakika kumi, akashuka analia kwa furaha.

Thuraya


Njombe
14 Aprili 2025

Thuraya,

Marahaba. Mimi mzima.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Nilimwambia mke wangu kwamba umenidharau. Akaniandikia kwenye kikaratasi: farasi amekufa? Nikasema hapana. Akarudi jikoni.

Wiki ya pili jirani yangu alichinja nguruwe kwa harusi ya binti yake, nikamwomba matumbo. Mikono yangu sasa inatetemeka, sikukuambia, hilo nalo lilikuwa siri yangu. Mke wangu alinitungia uzi kwenye sindano, nikashona kwa siku tatu kazi ambayo zamani ilikuwa ya nusu saa. Nilichagua vipande viwili, kimoja kimetanuka na kingine kimenywea, kama ulivyoeleza. Kiungo kimoja tabaka mbili, kingine moja kwa mshazari wako. Nikamimina maji. Vyote viwili havikuvuja. Kisha nikapitisha kidole. Katika tabaka moja kidole gumba kilipita. Katika tabaka mbili ilipita kalamu ya risasi.

Nilikaa navyo mezani mpaka mke wangu akavitoa kwa sababu ya harufu. Hakujua ninachokitazama. Kalamu ile nilikuwa nimeiona mara moja kabla ya hapo.

Nilikuandikia kwamba farasi mmoja alinifia kwa nusu kaputi. Si kweli. Ilikuwa mwaka 1994, kwenye shamba moja la nyanda za juu. Farasi aliamka vizuri, alikula, nikashangiliwa, nikaondoka. Siku ya kumi na tisa waliniita, tumbo limeziba, na kabla sijafika alikuwa amekufa. Nilimfungua peke yangu. Mshono wangu ulikuwa imara, haukuvuja hata tone, ila ulikuwa umebana kiasi cha kalamu ya risasi. Nilimfukia, nikaandika kwenye ripoti kwamba moyo ulidhoofishwa na dawa ya usingizi.

Aliyemlaza kwa nusu kaputi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, Brightson, msaidizi wangu, mikono mizuri kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Hakuna aliyemfukuza. Walianza tu kumwangalia. Mwaka uliofuata akaacha udaktari wa mifugo akaenda kusomea ualimu. Nilimwandikia barua nzuri ya kumpendekeza. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipa.

Kwa hiyo unaponiomba msamaha kwa uongo uliokaa siku ishirini na mbili, mimi wangu una miaka thelathini na mmoja.

Dkt. Stanley nimemwandikia. Nimemwambia njia uliyotumia wewe, na nimemwambia na habari ya 1994. Nilisikia Brightson anafundisha baiolojia huko Dar, upande wa Kinondoni. Nakuomba unitafutie. Usimwambie kitu.

Benedikto


Chamazi
4 Mei 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa zizini, Somoe akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, mwalimu wangu amerudi.

Nimempata. Salsabil ana rafiki aliyesoma shule moja ya sekondari huko Goba, akasema mwalimu wao wa baiolojia alikuwa Brightson na alikuwa mkali wa kupasua vyura. Jumatano nilikwenda. Nywele zimeingia mvi, ana miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nilijitambulisha, nikamwambia Dkt. Benedikto anaomba kuja kumwona. Neno lenyewe sikulisema, si langu kumpelekea.

Akauliza, "Anaumwa?" Nikamwambia ni masikio tu. Akafuta ubao wote kabla ya kunijibu. Akasema, "Aje siku ya kazi. Jumamosi nalima."

Mie kuanzia tarehe 17 nitakuwa Rufiji kwa wiki mbili kuchanja ng'ombe, nasikitika sitakuwepo kukupokea. Ukimaliza Goba, njoo Chamazi hata hivyo. Somoe atakupikia, na Zabibu umwone kwa macho yako.

Dkt. Stanley ameniandikia. Ameomba michoro ya kiungo changu na vipimo vya matumbo yako ya nguruwe, anataka kuviweka ukurasa mmoja. Amesema barua yako ni ngumu kuliko mtihani wowote aliowahi kusahihisha, na ameihifadhi.

Mwanao,
Thuraya


Bandani kwa Zabibu, Chamazi
Alhamisi, 22 Mei 2025

Thuraya,

Naandika nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Barua hii namwachia Somoe, utaikuta ukirudi.

Jumanne nilishuka Mbezi Luis, nikachukua bodaboda mpaka Goba, umri wangu wote sijaogopa kama nilivyoogopa kwenye kile kiti cha nyuma, na sizungumzii mwendo. Brightson alinipokea nyumbani kwake. Mkewe alileta chai, akatuacha. Alishajua sisikii, alikuwa ameandaa daftari na kalamu mezani. Mimi nilisema kwa mdomo, yeye akajibu kwa kuandika.

Nilimwambia yote bila kuzunguka. Farasi aliamka vizuri. Alikufa siku ya kumi na tisa. Mshono wangu ulibana. Niliona kwa macho yangu, nikaandika jambo jingine.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika, akanigeuzia daftari: "Kwa hiyo nilimlaza vizuri."

Nikamwambia ulimlaza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Akaandika tena: "Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwenye ndoto. Miaka mingi." Halafu akainuka akaenda uani, akakaa huko. Nilidhani ndiyo kwaheri yangu, nikatafuta kofia. Mkewe akanizuia kwa mkono, akaniongezea chai. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaandika kwamba ana hasira na atakuwa nayo kwa muda, na kwamba chakula kiko tayari. Nikala. Nikalala hapo hapo.

Jana asubuhi aliniambia kwa ishara nivae viatu. Akanipeleka shuleni, kidato cha tatu, watoto sitini hivi. Akaandika ubaoni jina langu, na chini yake: "Tulifanya kazi pamoja." Akanipa chaki.

Nilichora tumbo la farasi. Mkono ulitetemeka, utumbo ukatoka na mawimbi, ukawa na sura ya kweli kuliko nilivyowahi kuuchora. Msichana mmoja aliuliza swali, Brightson akaniandikia: utumbo mwembamba una urefu gani? Nikasema mita ishirini na mbili. Hawakuamini, niliona kwenye nyuso zao. Basi Brightson akachukua rula ndefu ya ubao, tukaanza kupima sakafuni, yeye anasogeza rula, mimi nimeinama nachora mstari kwa chaki nyuma yake. Darasa likatuishia kwenye mita tisa. Tukatoka mlangoni, tukapita mbele ya kidato cha pili, ambao nao wakatoka kuangalia, na mkuu wa shule akasimama barazani. Mita ya ishirini na mbili iliishia kwenye ngazi za maktaba. Watoto walirudi na kuukanyaga mstari wote, mguu mbele ya mguu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi na Brightson tulikaa kwenye ngazi tukipumua, magoti yetu yamejaa chaki.

Zabibu nimemwona. Nimepapasa kovu lake, limenyooka. Sikio langu nimeliweka ubavuni mwake, na ingawa sisikii, utumbo ulipofanya kazi niliuhisi ukitikisika kwenye shavu langu. Somoe alinikuta hivyo, akanivutia ndoo nikae.

Amepika samaki wa nazi. Basi la Njombe ni kesho saa kumi na mbili asubuhi, na Brightson amesema atanisindikiza stendi.

Benedikto